Sura ya 6: Chekeche la Namba

Tuseme ni saa kumi alasiri mjini Kyuso. Waya wa mita 10, uliofungwa kati ya migunga miwili, unanasa sauti hafifu kutoka Ulaya kwenye bendi ya megahezi 14. Papo hapo unanasa mngurumo wa chaja ya sola ya jirani. Kazi ya mpenda redio ya ridhaa, tangu enzi za valvu, ni kuvitenganisha hivyo viwili.

Redio ya zamani ilichuja kwa koili, kapasita na kristali. Lilikuwa chekeche la ndengu: matundu yakishatobolewa, ndiyo hayo. Chujio la sauti lilikuwa na upana wa hezi 2,400 hivi. Aliyetaka jembamba la hezi 500 kwa ajili ya Morse alinunua jingine.

Redio ya tarakimu hupima umeme wa antena mara nyingi mno kwa sekunde, na kila kipimo huwa namba. Kuanzia hapo, kuchuja ni kuzidisha na kujumlisha. Ukitaka hezi 500, unaandika 500. Wala huzungushi tena kitufe ukipapasa stesheni moja moja: bendi nzima inachorwa kwenye kioo, kila stesheni mstari wake.

Hata maana ya kusikia imebadilika. Mwaka 2017, Joe Taylor, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1993, na Steve Franke walitoa FT8, mtindo wa mawasiliano ya redio kwa kompyuta. Ujumbe mfupi hutumwa kwa zamu za sekunde 15, na kompyuta huusoma hata pale sikio linapoambulia mvumo mtupu. Siri yake? Sokoni penye makelele, ukiitwa jina lako utageuka, kwa sababu unalijua. Kompyuta nayo inajua mapema umbo la inachokisubiri, na saa ya kukisubiri. Ndiyo maana saa yako ikikosea kwa sekunde chache tu, hupati kitu, hata uwe na wati ngapi.

Lakini hesabu haifufui kilichokwisha kupotea. Kelele ikizidi uwezo wa kipimio, namba zinaharibika mlangoni, na hakuna programu ya kuzitengeneza. Kwa hiyo, kabla hujagusa kompyuta, uhamishe kwanza waya wako mbali na sola ya jirani.