Furaha Isiyolala: Tuufahamu Ugonjwa wa Baipola

Alitujia mama mmoja baada ya sala ya Alasiri, amemshika mkono mwanawe wa miaka 22. Mwezi mzima kijana alikuwa hali, haogi, hasemi na mtu. Tulimsomea, kisha tukamshauri mama ampeleke hospitali. Huko alipewa dawa ya huzuni.

Haukupita mwezi, mama akarudi peke yake. "Sheikh, sasa ni jini hakika," alisema. Kijana alikuwa halali usiku, anasema bila kituo, anagawa bidhaa za duka la babake kwa wapita njia, na anadai ameteuliwa kuuongoza ulimwengu.

Kumbe palikosekana swali moja, ambalo hata sisi hatukuliuliza: je, amewahi kuwa na furaha iliyopita kiasi? Alikuwa nayo mwaka uliotangulia, na nyumba nzima iliipokea kama neema.

Maradhi haya madaktari huyaita baipola, nayo yana sura mbili. Ya kwanza ni kupanda: usingizi hupungua wala mtu hachoki, maneno na mawazo hukimbia, fedha hutumika ovyo, hasira huwa karibu, na hali hiyo hudumu wiki moja au zaidi. Ya pili ni kushuka: huzuni, uzito wa mwili, kujiona hana thamani, pengine kutamani kufa, kwa wiki mbili au zaidi. Kati ya sura hizo mtu aweza kukaa miezi au hata miaka akiwa mzima. Ni kama maji kujaa na kupwa, ila bahari ina hesabu yake, na maradhi haya hayana. Mara nyingi huanza ujanani, na huonekana zaidi katika baadhi ya koo.

Hakuna kipimo cha damu kinachoyathibitisha. Damu hupimwa ili kuondoa shaka ya maradhi mengine. Hukumu ya daktari husimama juu ya habari anazopewa. Na mgonjwa huenda kwa daktari akiwa ameshuka, kwani akipanda hujiona mzima kuliko watu wote. Akisimulia huzuni tu, huenda akapewa dawa ya huzuni peke yake, nayo yaweza kumpandisha. Ndiyo maana ushahidi wa jamaa ni sehemu ya tiba.

Wako watakaotuuliza: je, si majini? Hatukanushi kuwepo kwao, na Qur'ani ni shifaa. Lakini Mtume (S.A.W.) alituhimiza kujitibu, na wanavyuoni wetu waliufahamu mlango huu zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya miili na nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake. Kisomo na dawa havigombani. Agombanaye navyo ni yule amwambiaye mgonjwa atupe vidonge vyake.

Miongoni mwa dawa kongwe na bora ni lithiamu, chumvi ya madini ambayo John Cade, daktari wa Australia, alitangaza manufaa yake mwaka 1949. Anayeitumia hupimwa damu kila baada ya muda, kwani ikizidi huwa sumu: mikono hutetemeka, mtu hutapika na kupepesuka. Kukosa maji mwilini huizidisha. Basi kabla ya Ramadhani mgonjwa amwone daktari wake, na akizuiwa kufunga ajue kwamba ruhusa ya mgonjwa ni rehema ya Mola wake. Usingizi nao ni amana; kukesha mfululizo kwaweza kumpandisha.

Kwa dada zetu: dawa iitwayo valproeti yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwambie daktari mapema kwamba unatarajia kuzaa, wala usiache dawa kwa shauri lako. Siku za uzazi nazo zahitaji uangalizi, kwani maradhi huweza kurudi kwa nguvu.

Na mume akitamka talaka hali amepanda, wazee wasikate shauri barazani. Talaka ya aliyepotewa na akili haipiti, lakini kama kweli ilipotea ni la kuamuliwa na Kadhi, kwa ushahidi wa daktari na wa waliomwona.

Mwenye mgonjwa Mombasa, Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha maradhi ya akili. Nenda na daftari: alilala saa ngapi, alitumia nini, alisema nini, alipopanda na aliposhuka. Akitaja kufa, asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Yule kijana amerudi dukani kwa babake, anakunywa dawa yake. Mamake bado anaandika kwenye daftari. Na sisi, anapoletwa kwetu mwenye huzuni, sasa huuliza kwanza habari za furaha yake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.