Fahamu: Kwa nini mimba changa huleta njaa kali?

Mama wa Kindu amekula wali na sombe saa moja asubuhi. Saa tatu, akiwa ndani ya mtumbwi akivuka Lualaba kutoka Alunguli, tumbo linamnguruma kana kwamba hajala tangu jana. Mimba ina wiki 7. Mtoto bado ni kama mbegu ya haragi. Njaa yote hiyo ni ya nini?

Kwa kweli si ya mtoto. Homoni ya projesteroni hupanda, na hamu ya kula hupanda nayo. Wanaomwambia mjamzito "kula kwa watu wawili" wamewahi mno: miezi 3 ya kwanza mwili hauhitaji chakula cha ziada. Ni kuanzia mwezi wa nne ndipo unapohitaji takriban kalori 340 zaidi kwa siku.

Lakini usijinyime, maana tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Kula kidogo kidogo, kila baada ya saa 2 au 3. Wali mtupu hauchelewi kuisha tumboni. Uongezee maharagi, samaki wa mtoni au karanga. Karanga za kukaanga, kiganja kimoja tu, zifunge kwenye kitambaa zilale kando ya kitanda, kwa njaa ya usiku.

Udongo wanaoutafuna wajawazito wengi ndio unaonitia wasiwasi: hutuliza tumbo, kumbe unazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Njaa ikija na kiu isiyokatika na kukojoa kila mara, omba upimwe sukari. Ziara ya kwanza ya kliniki ya wajawazito (CPN) iwe kabla ya wiki 12, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri.