Sahani ya Leo na Akili ya Uzeeni

Kupungua kwa wepesi wa kufikiri na kukumbuka ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka, kwa kuwa ubongo huchakaa kama kinavyochakaa kiungo kingine chochote, na mzee anayelisahau jina la jirani kisha likamjia baadaye hana sababu ya kuhesabiwa kuwa mgonjwa. Hali hiyo hutofautiana na dimensia, jina la jumla la maradhi yanayouharibu ubongo kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kuendesha maisha yake ya kila siku, akapotea katika njia aliyoizoea, akarudia swali lilelile mara nyingi au akashindwa kuhesabu chenji dukani. Maradhi yanayoongoza katika kundi hili ni Alzheimer, ambayo huambatana na mrundikano wa protini zisizo za kawaida ndani ya ubongo, na hufuatiwa na dimensia itokanayo na kuziba au kupasuka kwa mishipa ya damu kichwani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Uchunguzi wa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kiwango cha takriban asilimia 6.4, matokeo yanayoonyesha kuwa anayedhaniwa mtaani kuwa amelogwa au amerudia utoto huenda ana ugonjwa unaotambulika hospitalini.

Kwa kuwa tiba ya kuiondoa Alzheimer haijapatikana, watafiti wameelekeza macho kwenye kinga, na miongoni mwa mambo waliyoyachunguza kwa muda mrefu ni chakula. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati yake, na nishati hiyo hufikishwa na damu inayopita katika mishipa mingi, baadhi yake myembamba kuliko unywele. Shinikizo la damu, kisukari na lehemu, yaani mafuta yanayoganda katika kuta za mishipa, huikakamaza na kuiziba mishipa hiyo, hata sehemu ndogondogo za ubongo zikakosa hewa ya oksijeni na kufa bila mgonjwa kuhisi maumivu yoyote. Hivyo basi, chumvi, sukari na mafuta mabaya yanayosababisha maradhi ya moyo huufikia pia ubongo kwa njia ileile ya damu, na hili ndilo jambo la kwanza la kufahamu: sehemu kubwa ya kinga ambayo chakula huupa ubongo huanzia katika mishipa.

Njia ya pili ambayo chakula huugusa ubongo ni kinga ya mwili yenyewe, ambayo hutakiwa kuwaka pale tu panapoingia vijidudu au jeraha, kisha ikatulia. Kwa mtu mwenye unene uliokithiri, au anayeishi kwa vyakula vya kukaanga na vya viwandani, kinga hiyo huweza kubaki imewaka kidogokidogo kwa miaka, ikadhuru seli ilizopaswa kuzilinda, zikiwemo za ubongo. Mboga, matunda na mikunde huleta nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea isiyomeng'enywa tumboni ambayo huwa chakula cha bakteria wema wa utumbo, pamoja na viondoasumu vinavyopunguza uharibifu unaotokana na matumizi ya oksijeni mwilini. Samaki wenye mafuta nao huleta omega-3, aina ya mafuta ambayo mwili huyatumia kujenga kuta za seli za ubongo.

Maelezo hayo ya kibayolojia yangebaki kuwa nadharia kama yasingepimwa kwa watu. Utafiti uliopata umaarufu mkubwa ulitoka Chuo Kikuu cha Rush, mjini Chicago, ambako mtaalamu wa lishe na magonjwa, Martha Clare Morris, pamoja na wenzake walibuni mpangilio wa ulaji uitwao MIND, uliounganisha ulaji wa nchi za Mediterania na ule uliobuniwa kushusha shinikizo la damu. Mpangilio huo una makundi kumi ya kutiliwa mkazo, yakiwemo mboga za majani, mikunde, karanga na jamii zake, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni, na makundi matano ya kupunguzwa, ambayo ni nyama nyekundu, siagi, jibini, vitamutamu na vyakula vya kukaanga. Katika matokeo ya mwaka 2015, wazee 923 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka minne na nusu walionyesha kuwa wale ambao ulaji wao ulikaribiana zaidi na mpangilio huo walipatwa na Alzheimer kwa kiwango kilichokuwa chini kwa asilimia 53 kuliko wale walio mbali nao, na hata waliokuwa katikati walipata nafuu ya asilimia 35.

Msomaji makini hapaswi kuishia hapo, kwa sababu utafiti wa aina hiyo hutazama tu namna watu wanavyoishi bila kuwabadilishia chochote, na mtu anayekula mboga kila siku huenda pia ana elimu zaidi, anatembea zaidi na hupima shinikizo lake mara kwa mara, hata ikawa vigumu kujua sifa ipewe mboga au mwenendo mzima. Njia ya kuukata utata huo ni jaribio la kuwagawa watu kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa ulaji unaopimwa na jingine ulaji wa kulinganishia. Jaribio kama hilo kwa MIND lilifanyika Chicago na Boston kwa watu 604 kwa muda wa miaka mitatu, na matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2023, hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi mawili: wote walipanda kidogo katika vipimo vya akili, na wote walikuwa wameshauriwa kupunguza kiasi cha chakula na wakapungua uzito. Miaka mitatu ni michache kwa maradhi yanayojijenga ubongoni kwa miongo miwili au zaidi kabla ya dalili kuonekana, lakini ni haki kusema pia kwamba ile asilimia 53 haikuthibitishwa.

Majaribio mengine yametoa ishara njema zaidi. Mjini Barcelona, Hispania, watu 447 wenye wastani wa umri wa miaka 67 waligawanywa makundi matatu, na baada ya miaka minne hivi, waliopewa mafuta ya zeituni au karanga za aina mbalimbali pamoja na ulaji wa Kimediterania walifanya vizuri katika vipimo kadhaa vya akili kuliko walioshauriwa kupunguza mafuta tu. Nchini Finland, watu 1,260 wenye umri kati ya miaka 60 na 77, waliokuwa katika hatari ya kupungukiwa akili, walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015 ambalo halikutegemea chakula peke yake: nusu yao walipewa kwa pamoja ushauri wa lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya kufikiri na uangalizi wa shinikizo la damu na lehemu, na baada ya miaka miwili walikuwa mbele ya wenzao waliopata ushauri wa kawaida wa afya. Fundisho lake ni kwamba chakula hufanya kazi yake vizuri kikiwa ndani ya maisha yaliyopangika, mithili ya figa moja linalohitaji mengine ili chungu kisimame.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Utafiti uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, uliotolewa mwaka 2001, ulikuta kwamba visa vipya vya Alzheimer kwa mwaka vilikuwa asilimia 1.15 Ibadan na 2.52 Indianapolis, ingawa asili ya makundi hayo mawili inakaribiana. Ulaji wenye mafuta kidogo na maradhi machache ya mishipa vilitajwa miongoni mwa sababu zinazowezekana. Huko Kilimanjaro, jaribio lililochapishwa mwaka 2025 liliwahusisha wanaume 77 wenye afya, na wanakijiji walioacha vyakula vya asili wakala vya kisasa kwa wiki mbili tu walionyesha dalili za kinga ya mwili kuwaka, wakati walioacha vya kisasa wakafuata mlo wa asili walielekea upande wa pili. Jaribio hilo halikupima kumbukumbu wala halikuwahusu wazee, lakini linagusa njia ileile iliyoelezwa juu.

Kwa hiyo, familia ya Afrika Mashariki haihitaji kuagiza mafuta ya zeituni wala matunda ya beri ili kuanza. Mchicha, matembele, kisamvu, mnavu na majani ya kunde ni mboga za majani. Maharage, mbaazi na choroko ni mikunde. Dona, mtama na ulezi ni nafaka zisizokobolewa. Karanga, korosho na ufuta vipo sokoni, na dagaa na vibua ni samaki wa bei nafuu wenye omega-3. Hatari kubwa zaidi imo katika kuviacha vyakula hivi kwa ajili ya sembe nyeupe, soda, chipsi na viungo vyenye chumvi nyingi, ilhali kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai.

Mzee ana mahitaji yake pia. Vitamini B12, inayopatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa, hufyonzwa kwa shida tumbo linapozeeka, na upungufu wake huleta usahaulifu unaoweza kufanana na dimensia ingawa hutibika, jambo linalofanya kipimo cha damu kuwa cha lazima kabla ya kumkatia mzee tamaa. Vidonge vya virutubisho, hata hivyo, haviwezi kuchukua nafasi ya chakula: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri visitumiwe kwa lengo la kuzuia dimensia. Tena mzee asiye na meno, au anayekula peke yake kwa chai na mkate, hatanufaika na orodha yoyote ya vyakula mpaka apatikane wa kumpondea maharage, kumchambulia samaki na kuketi naye mezani.