Kanisa dogo la mpakani: Mfuko wa sadaka haubebwi na mtu mmoja

NAMANGA ni jina moja la mji uliokaa katika nchi mbili. Busia nayo ni hivyo hivyo. Katika miji ya aina hii, Jumapili asubuhi, kapu la sadaka huzunguka kwenye mabenchi ya kanisa la bati lenye waumini arobaini au hamsini, kisha hurudi mbele likiwa na noti za Kenya zilizochanganyika na za Tanzania au za Uganda. Waliotoa ni wauza mitumba, vitunguu, mahindi na dagaa. Baadhi yao wamevuka mpaka asubuhi hiyo hiyo na watavuka tena kabla ya jioni.

Kwa mfanyabiashara kama huyo, kanisa dogo si mahali pa ibada tu. Hapo ndipo anapopata mtu wa kumwachia mtoto anapofuata mzigo kwa siku tatu, mtu wa kumthibitisha kwa mwenye nyumba, na watu wa kumchangia akifiwa mbali na ukoo wake. Kanisa likisambaratika, hupoteza yote hayo kwa mpigo mmoja. Mara nyingi linalolisambaratisha si mahubiri mabaya. Ni fedha zisizo na hesabu, mchungaji aliyechoka na madeni yasiyozungumzwa.

Udogo si ugonjwa

Wachungaji wengi wa makanisa madogo huishi na aibu ya kujilinganisha na makanisa yenye vipaza sauti vikubwa na vipindi vya redio. Aibu hiyo huzaa haraka. Mkutano mkubwa wa injili hukopewa fedha, hema hukodiwa, na wiki chache baadaye waumini ni wale wale ila sasa wana deni.

Ukweli ni kwamba kanisa dogo ndilo la kawaida. Hata Marekani, nchi inayosifika kwa makanisa ya maelfu ya watu, utafiti wa Faith Communities Today wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa nusu ya sharika zilikuwa na wahudhuriaji 65 au pungufu katika ibada za wiki.

Kwa hiyo kipimo cha afya si wingi wa viti vilivyojaa, hasa mpakani ambako hudhurio hupanda na kushuka kwa siku za gulio, msimu wa mavuno na hali ya barabara. Kipimo ni kama kanisa linajua nani hayupo, na kwa nini. Mama ambaye hajaonekana Jumapili mbili anaweza kuwa safarini, au mzigo wake umekamatwa, au anaumwa chumbani peke yake. Katika kanisa la watu elfu tano jambo hilo linaweza kupita bila kuonekana. Katika kanisa la watu hamsini halina sababu ya kupita.

Paulo hakusafiri peke yake na mchango

Jambo la kwanza la kuwekwa sawa ni fedha, na wafanyabiashara wanalielewa hili kuliko wengi. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, Paulo anaeleza mpango wa kupeleka mchango wa makanisa kwa ndugu wa Yerusalemu. Ilikuwa safari ndefu yenye fedha za watu. Hakuzibeba peke yake. Tito alihusika, pamoja na ndugu aliyeteuliwa na makanisa yenyewe ili asafiri na mchango huo, na Paulo anataja sababu waziwazi: hakutaka pabaki nafasi ya mtu kumlaumu.

Kama mtume aliona haja ya mashahidi, mchungaji wa Namanga au Mutukula hana sababu ya kuona kuwa anadharauliwa akiombwa hesabu.

Utaratibu wenyewe hauhitaji mhasibu msomi. Sadaka ihesabiwe na watu wawili wasio ndugu, pale pale kanisani, kabla mtu hajatoka. Daftari liwe na safu mbili, moja kwa kila sarafu, na fedha zikibadilishwa, kiwango cha siku hiyo kiandikwe. Bila hivyo, tofauti ya kubadilisha fedha inageuka upenyo wa wizi mdogo mdogo ambao hakuna awezaye kuuthibitisha wala kuukanusha. Sadaka za simu ziingie katika laini au akaunti ya kanisa, si simu binafsi ya mchungaji. Mara moja kwa mwezi hesabu isomwe mbele ya waumini: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Na posho ya mchungaji iwe kiasi kinachojulikana. Mchungaji asiye na posho iliyotajwa huishia kula kapuni kidogo kidogo, hata kama hakukusudia kuiba.

Mahema na mahubiri

Wachungaji wengi wa makanisa haya wana shughuli nyingine siku za kazi: duka, shamba, cherehani au pikipiki. Hilo si fedheha. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kuwa Paulo alipokuwa Korintho alikaa na Akila na Prisila, wakashona mahema pamoja kwa sababu kazi yao ilikuwa moja.

Hatari huanza pale biashara ya mchungaji inapoingia katika kundi lake. Akimkopa muumini mtaji, atamkemea vipi siku atakapokosea? Akimdhamini muumini mmoja kwenye mkopo na marejesho yakakwama, nusu ya kanisa itakuwa upande wa mdai na nusu upande wa mdaiwa. Kanuni iliyo salama ni nyepesi kuitaja na ngumu kuishika: mchungaji asikope kwa waumini wake, asiwe mdhamini wa mikopo yao, na asitunze fedha za kikundi chao cha kuweka na kukopa. Akibaki nje ya madeni, anaweza kukaa katikati ya wagomvi na akasikilizwa na pande zote.

Lipo pia swali la njia za panya. Mtoaji mkubwa wa sadaka akiwa ndiye anayepitisha mzigo usiku, mchungaji anayenyamaza amekwisha kununuliwa. Lakini kukemea peke yake hakutoshi, kwa kuwa wengine hupita vichochoroni kwa kutojua haki zao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kupata cheti rahisi cha uasili mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Mchungaji anayemwalika ofisa wa forodha aeleze hayo kwa nusu saa baada ya ibada amehubiri uaminifu kwa namna ambayo watu wanaweza kuitekeleza Jumatatu.

Mose alichoka

Ugonjwa mwingine wa kanisa dogo ni mchungaji kufanya kila kitu. Yeye ndiye anayefungua mlango, anayefagia, anayehubiri, anayezika na anayesuluhisha ndoa. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kuwa Yethro alimkuta mkwewe Mose akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia atajimaliza yeye na watu wake, kisha akamshauri aweke viongozi wa maelfu, mamia, hamsini na makumi.

Kanisa la watu hamsini lina makumi matano. Kila kumi likipata mtu mmoja wa kuwajua wenzake kwa jina na kwa simu, mchungaji hatakimbia nyumba kwa nyumba kila jioni. Anayesafiri mara kwa mara awe kiungo cha waumini walioko ng'ambo, na anayebaki sokoni afuatilie wagonjwa.

Anayekataa kuulizwa

Kuna sababu nzito zaidi ya kugawana madaraka. Machi 2000 huko Kanungu, Uganda, mamia ya waumini walikufa chini ya viongozi waliotiiwa bila kuhojiwa. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kenya. Maafa ya namna hiyo huota mahali ambapo kiongozi haulizwi, na udogo wa kanisa peke yake si kinga.

Serikali nazo zimekaza kamba. Rwanda ilifunga mamia ya makanisa mjini Kigali mapema mwaka 2018 kwa sababu za usalama, usafi na kelele, na mwaka huo huo sheria mpya ikaleta masharti ya elimu ya theolojia kwa viongozi wa dini. Mwaka 2024 ukaguzi ulifunga maelfu mengine nchini humo. Tanzania na Kenya husajili makanisa kwa sheria zao za jumuiya na vyama, na cheti cha nchi moja si ruhusa ya kufungua tawi ng'ambo ya pili. Choo, mlango wa dharura, sauti isiyokera majirani na cheti halali ni sehemu ya uchungaji, kwa sababu kufuli likiwekwa mlangoni, waumini ndio wanaobaki nje.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Mchungaji asafiri Jumapili mbili. Akirudi akakuta ibada ilifanyika, wagonjwa walitembelewa, na daftari lina safu zote mbili zilizojazwa na kutiwa saini na watu wawili, basi kanisa hilo lina afya, hata kama mabenchi yake ni sita.