Namba 28 si Moja: Kuchagua Magurudumu ya Baiskeli ya Zamani

Katika nchi tambarare ya Kyela, baiskeli ya zamani iliyofufuliwa vema hubeba mpunga na abiria kwa miaka mingi. Hata hivyo, mnunuzi wa ringi asitosheke kuomba "namba 28", kwani jina hilo hubeba vipimo viwili tofauti.

Kwanza, soma ubavuni mwa tairi. Tairi la baiskeli nzito, kama Phoenix na Raleigh za kale, huandikwa 28 x 1½, na kipimo chake cha kimataifa ni 40-635. Tairi la baiskeli ya mbio huandikwa 700C, na pengine 28. Kipimo chake huishia na 622. Namba hiyo ya mwisho ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokalia ringi. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi la 635 likivishwa ringi ya 622 hulegea na huweza kuchomoka njiani.

Pili, tazama breki. Breki za fito husugua ringi upande wa spoki. Breki za waya husugua ubavuni. Ringi isiyolingana na breki ni hatari kwa mwendeshaji na abiria wake.

Tatu, hesabu matundu ya spoki. Baiskeli nyingi nzito zina 32 mbele na 40 nyuma. Idadi ya ringi na ya habu sharti zilingane.

Nenda dukani na gurudumu lako la zamani, kisha dai risiti iliyoandikwa vipimo. Hiyo ndiyo ushahidi wako ukiuziwa kisichofaa.