Hyderabad: Mji Uliotoka Ngomeni

Mgeni afikaye Hyderabad, mji mkuu wa jimbo la Telangana katika nyanda za juu za Dekani, kusini mwa Bara Hindi, aghalabu huchukuliwa moja kwa moja hadi Charminar, akapandishwa ngazi, akateremshwa, akaambiwa kwamba mji ameshauona. Mimi naona heri aanzie nje kidogo, upande wa magharibi, penye husuni ya Golconda. Kwani misikiti, kasri na masoko atakayotembezwa baadaye asili yake ni humo, na asiyeipanda ngome ile kwanza hatafahamu kwa nini mambo hayo yamekuwa pale yalipo.

Golconda ni jabali la itale, kimo chake kama mita 120, ambalo masultani wa ukoo wa Qutb Shahi, waliojitangazia dola yao mwaka 1518 na ambao asili yao ni Uajemi, walilizungushia kuta juu ya kuta, ukuta wa nje peke yake ukienda mzunguko wa karibu kilomita 11. Mwongozaji husimama chini ya kuba la lango la Fateh Darwaza, akapiga kofi, na mlio wake ukasikika kileleni Bala Hisar, mwendo wa kilomita moja hivi. Watoto hulipenda sana jambo hili, na siku za mapumziko makofi hayakatiki kutwa. Lakini wajenzi hawakulikusudia liwe mchezo, bali walitaka walioko juu wapate habari ya kila aingiaye kabla hajakanyaga ngazi ya kwanza. Kadhalika maji yalipandishwa jabalini kwa mabomba ya udongo, kutoka hodhi hadi hodhi, mpaka yakafika kwenye bustani za kifalme. Yupo pia katika taarikhi ya ngome hiyo mtoza kodi mmoja wa Kihindu, Ramdas, aliyefungwa humo kwa kuchukua fedha za hazina akajengea hekalu kule Bhadrachalam, na chumba kisemwacho kuwa ndicho alimofungwa huonyeshwa hadi leo.

Utajiri wa dola hiyo ulikuwa almasi. Hazikuchimbwa ngomeni, kama wengi wadhanivyo, ila zililetwa kuuzwa hapo kutoka machimbo ya mbali kando ya mto Krishna, na hata Koh-i-Noor, iliyomo katika taji la Uingereza, wengi huinasibisha na machimbo hayo. Ni mali hiyo iliyomvutia Aurangzeb, mfalme wa Mughal, akaihusuru Golconda kwa miezi minane mwaka 1687. Na baada ya mizinga yake kushindwa na kuta, lango lilifunguliwa usiku na khaini wa ndani. Sultani wa mwisho akafia kifungoni Daulatabad, ndiyo maana hana kaburi miongoni mwa yale makuba makubwa ya wazee wake, yaliyo karibu na ngome, ambayo jioni, jua linapopungua ukali, hupendeza kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja hapa.

Karibu miaka 100 kabla ya maangamizi hayo, ngome ilikuwa imekwisha songwa na watu na maji yamekuwa haba, na hapo Sultani Muhammad Quli akauanzisha mji mpya ng'ambo ya mto Musi, akausimamishia katikati yake, mwaka 1591, jengo la Charminar: matao manne yaliyoelekea njia nne, minara minne pembeni, na msikiti mdogo ghorofa ya juu. Hapo jirani pana Mecca Masjid, ulioanzwa mwaka 1617 na kukamilishwa na Aurangzeb yule yule mwaka 1694, na upande wa pili Laad Bazaar, penye maduka ya bangili za lakiri, ambako anayetembea na mkewe asitaraji kutoka upesi.

Makumbusho ya Salar Jung yataka siku nzima. Vilivyomo vilikuwa mali ya ukoo mmoja wa mawaziri, na la ajabu kupita yote ni sanamu ya Rebecca, kazi ya Mtaliani Benzoni, iliyochongwa marumaru hata utadhani shela limefunika uso kwelikweli. Kasri ya Chowmahalla, baraza ya watawala walioitwa Nizam, nayo inastahili kutazamwa. Wa mwisho wao, Osman Ali Khan, alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia, na husimuliwa kwamba alikuwa akikandamizia karatasi zake kwa almasi, ambayo, kwa kichekesho cha majaliwa, hutajwa kuwa ilichimbwa Afrika ya Kusini. Ama ziwa la Hussain Sagar na sanamu yake ya Buddha, na mji wa sinema wa Ramoji, ni vya kupitia kwa mwenye nafasi.

Nizam hao walikuwa na askari wapanda farasi wenye asili ya Afrika, na mtaa wao, A.C. Guards, ungali na jina hilo. Na huko Barkas, kusini mwa mji, wanakaa wajukuu wa Wahadhrami walioletwa kwa kazi hiyo hiyo ya uaskari. Mzaliwa wa Mombasa au Unguja hatajiona mgeni sana mitaani humo, hasa mwezi wa Ramadhani, mji unapopika halim: ngano na nyama zilizopondwa na kukorogwa motoni kwa saa nyingi hata zikashikana, chakula kilichotokana na harisa ya Waarabu, nasi bokoboko letu limetoka huko huko. Wao lakini huongeza dengu, viungo vingi, samli na vitunguu vya kukaanga juu yake. Wapishi wa Hyderabad watanisamehe nikisema kwamba pilipili imezidi.