Chagua Jiliwa kwa Macho na Mikono

Umewahi kumwona mtu akikata nondo huku ameikanyaga kwa mguu? Mkono mmoja umeshika msumeno wa chuma. Mkono wa pili umeshika nondo. Nondo inatikisika. Msumeno unaruka. Ukiruka vibaya mara moja tu, kidole au mguu unapata jeraha. Hata asipoumia, kazi yake haiwi nzuri. Mkato unakwenda upande, na meno ya msumeno yanavunjika.

Mtu huyo si mvivu. Amekosa kitu kimoja tu: mkono wa tatu. Mkono huo ni jiliwa. Mafundi wengi huliita vaisi.

Jiliwa ni chombo cha kubania kitu unachokifanyia kazi. Ukiwa nalo nyumbani, unaweza kunoa jembe, kunyoosha chuma cha baiskeli, kukata bomba na kutengeneza kitasa. Lakini jiliwa si chombo cha bei ndogo. Ukichagua vibaya, fedha yako imepotea. Kwa hiyo soma habari hii kabla ya kwenda dukani au mnadani.

SEHEMU ZA JILIWA

Jiliwa lina taya mbili. Taya moja haisogei. Taya ya pili husogea mbele na nyuma. Ndani kuna skrubu kubwa, na skrubu hiyo huingia katika nati. Mbele kuna mpini wa kuzungushia skrubu. Chini kuna kitako chenye matundu ya boliti. Kwenye taya kuna vibao vya chuma kigumu vyenye meno madogo. Vibao hivyo ndivyo vinavyouma kitu kisiteleze.

JIULIZE KWANZA: NITAFANYA KAZI GANI?

Yako majiliwa ya aina mbalimbali.

1. Jiliwa la chuma la mezani. Hili hufaa kwa kukata, kupiga tupa, kutoboa kwa keekee na kufungua nati ngumu. Kwa watu wengi wa kijijini, hili ndilo linalofaa zaidi.

2. Jiliwa la seremala. Taya zake ni pana na huwekewa mbao, ili zisiumize kazi. Hufungwa ubavuni mwa meza. Halifai kwa kubania vyuma.

3. Jiliwa la mguu. Hili ni la mhunzi. Lina mguu mrefu unaofika chini, na nguvu ya nyundo hushuka kwenye mguu huo. Kama kazi yako ni kupiga chuma cha moto, tafuta hili.

Usinunue jiliwa la mezani kisha ukaligeuza fuawe. Majiliwa mengi ya mezani yametengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hicho hustahimili kubanwa. Lakini ukikipiga kwa nyundo kubwa, hupasuka. Kikipasuka, ni vigumu kukiunga kikawa imara kama zamani.

UKUBWA GANI UNATOSHA?

Jiliwa hupimwa kwa upana wa taya. Kwa kazi ndogo, kama kufuli, taa na redio, inchi 3 zinatosha. Kwa kazi nyingi za nyumbani na za baiskeli, inchi 4 zinatosha. Hizo ni kama sentimita 10. Kwa kazi za plau na mkokoteni, inchi 5 au 6 ni bora.

Usitamani kubwa bila sababu. Jiliwa kubwa lina bei kubwa, na linahitaji meza nzito. Jiliwa kubwa juu ya meza dhaifu ni kama mzigo wa ng'ombe juu ya mbuzi.

Tena angalia uzito. Ukikuta majiliwa mawili yenye upana sawa wa taya, yainue yote mawili. Mara nyingi lililo zito ndilo lililowekewa chuma cha kutosha. Lililo jepesi sana huenda lina kuta nyembamba.

JIPYA AU KUUKUU?

Usidharau jiliwa kuukuu. Jiliwa zuri huweza kudumu miaka mingi, likapita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Jiliwa kuukuu lenye nguvu ni bora kuliko jipya lililo dhaifu. Kutu ya juu si ugonjwa mkubwa. Huondoka kwa brashi ya waya na mafuta. Ugonjwa mkubwa ni ufa, na hesi zilizolika. Hesi ni ile mizunguko iliyochongwa kwenye skrubu.

Liwe jipya au kuukuu, lipime hivi:

1. Futa grisi na vumbi. Tazama shingo ya taya zote mbili, kitako na matundu ya boliti. Ukiona ufa au alama ya kuchomelewa, liache. Kama limepakwa rangi mpya nene, tazama kwa makini zaidi. Rangi huficha mengi.

2. Funga taya polepole. Zitazame kwenye mwanga. Zikutane sawasawa kutoka upande mmoja hadi wa pili.

3. Weka kipande cha karatasi kwenye kila pembe ya taya, kisha bana. Vuta karatasi. Zote zikishikwa, ni vizuri. Moja ikitoka kwa urahisi, taya haziko sawa.

4. Fungua taya hadi nusu. Shika taya inayosogea, uitikise juu na chini, kushoto na kulia. Kucheza kidogo si kitu. Ikicheza sana, njia yake imelika.

5. Geuza mpini kulia, kisha kushoto. Tazama unageuka kiasi gani kabla ya taya kuanza kusogea. Ukigeuka kidogo tu, sawa. Ukigeuka nusu mzunguko au zaidi bila taya kusogea, skrubu au nati imelika.

6. Fungua taya mpaka skrubu ionekane. Hesi ziwe nene. Zikiwa nyembamba kama makali ya kisu, ujue zimekwisha.

7. Tazama vibao vya meno. Ni vizuri vikiwa vimefungwa kwa skrubu ndogo, maana vikilika unaweza kuvibadilisha.

Muuzaji akikukataza kupima, mshukuru uondoke.

FANYA HESABU

Tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi si za dukani, ni za kujifunzia tu.

Tuseme jiliwa imara ni shilingi 120,000. Jiliwa dhaifu ni shilingi 60,000. Juma ananunua dhaifu. Baada ya miezi 6 linapasuka. Ananunua jingine kama hilo. Sasa ametumia shilingi 120,000, na bado hana jiliwa imara. Wazee walisema, rahisi ghali.

Sasa tuseme Asha amenunua lile imara. Kila kazi anayofanya inampa faida ya shilingi 3,000. Baada ya kazi 40, fedha yake imerudi. Kazi ya 41 ni faida yake mwenyewe.

Kama mtu mmoja hawezi, watu 4 wanaweza kuchanga shilingi 30,000 kila mmoja. Lakini kubalianeni mapema, tena kwa maandishi. Jiliwa litakaa kwa nani? Nani atalitumia siku gani? Likiharibika, nani atalipa? Nyote sasa mnajua kusoma na kuandika. Andikeni.

Kabla ya kununua, mwombe fundi mzoefu akusindikize. Kama uko Tanzania, unaweza pia kuuliza katika ofisi ya SIDO mkoani kwako. Hilo ni shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973. Vyuo vya ufundi vya VETA navyo hufundisha kazi za chuma na useremala.

KAMA BADO HUNA FEDHA

Usirudi kukanyaga nondo kwa mguu. Tengeneza kibanio cha mbao. Tafuta vipande viwili vya mti mgumu, kama mninga. Kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 40 na unene wa sentimita 5. Toboa matundu mawili katika vyote viwili, yaelekeane. Pitisha boliti mbili ndefu. Kipande kimoja kifunge kwenye ukingo wa meza. Weka kazi yako katikati ya vipande hivyo, kisha kaza nati kwa spana. Kibanio hiki kinafaa kwa mbao na kwa vyuma vyembamba. Hakina nguvu ya jiliwa, lakini kinaokoa vidole.

KULIFUNGA NA KULITUNZA

Funga jiliwa juu ya mguu wa meza, siyo katikati. Tumia boliti, washa na nati. Usitumie misumari. Taya ya nyuma itokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili uweze kubana bomba refu lisimame wima. Simama karibu nalo, ukunje mkono. Juu ya taya pawe sawa na kiwiko chako.

Usiongeze bomba kwenye mpini ili ukaze zaidi. Usiupige mpini kwa nyundo. Nguvu ya mikono yako inatosha. Ukibana kitu laini, weka vipande vya mbao au ngozi kwenye taya. Jioni fagia chenga za chuma kwa brashi. Tia mafuta kwenye skrubu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini jiliwa la mezani lisitumiwe kama fuawe?
2. Karatasi hutusaidia kujua nini?
3. Je, katika kijiji chako kazi zipi zinahitaji jiliwa? Taja 5.
4. Watu 6 wakichanga sawa kununua jiliwa la shilingi 120,000, kila mmoja atatoa kiasi gani?